Menyu ya Saa: Uchambuzi wa Jaribio la GNOME la Mwaka 2001

Mwezi Julai 2001 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilitoa ripoti ya jaribio ambalo, kwa hesabu ya vichwa, lilikuwa dogo sana. Watu 12 walikalishwa mbele ya kompyuta zenye toleo la 1.4 la GNOME, programu inayompa mtu madirisha na menyu kwenye Linux na mifumo ya jamii yake, wakapewa kazi ambazo mtu yeyote anayeshinda ofisini na kompyuta huzifanya bila kuzifikiria, na wataalamu wa kampuni hiyo wakawa wanawatazama wapi wanapita na wapi wanakwama. Kazi zenyewe hazikuwa na maajabu. Hata hivyo ripoti hiyo ilisomwa na kubishaniwa kwa miaka, na mwaka mmoja tu baada ya kutoka, GNOME ilibadilika sura kiasi kwamba aliyezoea ile ya zamani alilazimika kuizoea upya.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mara nyingi husimuliwa vibaya. Husimuliwa kama hadithi ya waandishi wa programu waliopuuza mambo ya sura na mpangilio, kisha wakaja wataalamu wakawafungua macho. Lakini mtu akiikagua GNOME 1.4 yenyewe haoni kupuuza. Anaona watu waliojali kupita kiasi, kila mmoja kwa upande wake. Kilichowakwaza wale 12 kilitokana na njia ambayo waandishi hao walikuwa wakiitumia ili wasigombane: kila walipotofautiana, waliongeza chaguo jingine kwenye menyu. Kwa maoni yangu, faida kubwa ya jaribio ilikuwa kwamba liliupa mradi sababu ya kukataa, na gharama yake ikaja baadaye, sababu hiyo ilipoanza kutumika mahali ambapo hakuna mtumiaji aliyekuwa ametazamwa.

GNOME ilianzishwa Agosti 1997 na Miguel de Icaza na Federico Mena, vijana wawili wa Meksiko, ili mifumo ya jamii ya Unix, hasa Linux, iwe na eneokazi huria, yaani ile sehemu ya kompyuta ambayo mtu anaiona na kuishika kwa kipanya: madirisha, menyu, ikoni, upau wa chini. Wakati huo eneokazi jingine, KDE, lilikuwa limeshaanza kujengwa, lakini lilitegemea Qt, maktaba ya msimbo ambayo leseni yake haikukubalika kwa wafuasi wa programu huria. GNOME 1.0 ilitoka Machi 1999. Agosti 2000 Sun ilitangaza kwamba itaiweka GNOME kwenye mfumo wake wa Solaris mahali pa eneokazi kongwe la CDE, na hapo ndipo mambo yalipobadilika, kwa kuwa Sun ilikuwa na kitu ambacho wajitoleaji hawakuwa nacho, yaani waajiriwa ambao kazi yao ni kuchunguza jinsi binadamu wanavyotumia mashine. Mmoja wao, Calum Benson wa ofisi ya Sun mjini Dublin, angekuja kuwa jina linalojulikana sana ndani ya mradi.

Inafaa kueleza jaribio la namna hii linavyokwenda, maana wengi hulichanganya na dodoso. Kwenye dodoso unamuuliza mtu kama programu ameipenda, naye kwa adabu anakujibu kwamba ni nzuri. Kwenye jaribio la urahisi wa matumizi humuulizi maoni. Unampa kazi, kwa mfano “weka saa kwenye upau huu,” halafu unanyamaza. Unamwomba awe anasema kwa sauti anachokiwaza, mbinu ambayo Clayton Lewis aliileta katika utafiti wa kompyuta mwaka 1982 alipokuwa IBM, naye akiwa ameitoa kwa wanasaikolojia. Sehemu ngumu ya mbinu hii ni kule kunyamaza. Mtu anazungusha kipanya juu ya kitufe anachokitafuta, anakipita, anarudi, anakipita tena, na wewe unayekijua kitufe hicho kama mlango wa nyumbani kwako hutakiwi hata kukohoa. Kwa aliyekulia kwetu, ambako mgeni akionekana kapotea njia unamshika mkono ukamfikisha, zoezi hili linakwenda kinyume na malezi. Bila hivyo, lakini, hujifunzi chochote: ukishamwonyesha tu, umepima ukarimu wako na programu imebaki haijapimwa.

Sasa tuje kwenye saa. Katika GNOME 1.4, mtu aliyetaka kuweka kijiprogramu kwenye upau alipita menyu ndani ya menyu mpaka akafika penye saa, na hapo alikuta zisizopungua nne. Kulikuwa na saa ya kawaida. Kulikuwa na AfterStep Clock, iliyochukua sura yake kutoka mazingira mengine ya Unix yaitwayo AfterStep. Kulikuwa na nyingine iliyoitwa Another Clock, yaani Saa Nyingine, na hilo ndilo lilikuwa jina lake rasmi. Na kulikuwa na JBC Binary Clock, ambayo huonyesha wakati kwa mfumo wa namba wa sifuri na moja, ili mwenye kujua hesabu hizo afurahi na asiyejua asijue ni saa ngapi.

Mtu anayefika pale ametumwa jambo moja: anataka kujua wakati. Menyu haimpi wakati; inampa swali ambalo hana njia ya kulijibu, kwa sababu majina hayasemi tofauti. AfterStep ni nini? Saa Nyingine ni nyingine kuliko ipi? Njia pekee ya kujua ni kuweka moja, kuitazama, kuiondoa, kuweka ya pili, na kuiondoa nako kunahitaji menyu yake. Ugumu wa kuchagua saa ni miongoni mwa mambo yaliyojitokeza kwenye jaribio la Sun, na nadhani ndiyo sababu umekumbukwa kuliko mengine: kila msomaji aliuelewa bila kufafanuliwa.

Lakini jiweke upande wa pili. Kila saa katika menyu ile ina mwandishi wake, na kila mwandishi alikuwa na haki. Aliyetoka AfterStep alizoea saa yenye sura fulani akaikosa. Wa namba za sifuri na moja alitaka kucheza, na kucheza ni sababu halali ya kuandika programu usiku bila malipo. Sisi tunaohesabu saa kuanzia kunapokucha, ambao saa mbili ya asubuhi yetu ni saa nane ya kompyuta, tungekuwa na sababu nzito kuliko wote, na kama Mswahili angejitokeza mwaka 2000 na saa inayosoma kwa hesabu yetu, sioni nani angemkatalia. Ingekuwa ya tano. Katika mradi wa wajitoleaji, kumwambia mtu “saa yako haiingii” ni kumwambia kwamba usiku wake umekwenda bure, na huenda asirudi. Kuiingiza haikugharimu kitu kinachoonekana: nafasi ndogo ya diski na mstari mmoja kwenye menyu. Mstari huo ulilipiwa na mtu mwingine kabisa, ambaye hakuwemo kwenye mazungumzo.

Majina yalikuwa tatizo la pili, na pengine kubwa kuliko la saa. Ndani ya GNOME 1.4 sehemu nyingi ziliitwa kwa majina ya miradi iliyozizaa. Programu ya kupitia mafaili iliitwa Nautilus. Programu inayochora fremu za madirisha na kuamua yakae wapi iliitwa Sawfish, na mtu aliyetaka kubadili tabia ya madirisha yake alitakiwa kuingia kwenye kituo cha mipangilio na kutafuta sehemu yenye jina hilo. Kwa mwandishi wa programu jambo hili ni la kawaida. Yeye anamjua aliyeiandika Sawfish na anajua kwamba zamani iliitwa Sawmill. Kwa mtu wa nje ni jina la samaki. Sawfish ni papa upanga, na ukilitafsiri hivyo kwenye menyu, mvuvi wa Tanga au Lamu atamtambua samaki mara moja ila hatajua kwamba ndipo pa kubadilishia madirisha.

Hapo ndipo pana uhusiano na kazi iliyofanywa kwetu. Mwishoni mwa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu za ofisi za OpenOffice.org. Mtafsiri wa kiolesura, yaani wa maneno ya kwenye menyu na vitufe vya programu, hugundua haraka sana kile ambacho ripoti ya Sun iliwaonyesha watu wa GNOME, kwamba maneno mengi kwenye skrini yameandikwa kwa ajili ya wanaoijua programu kwa ndani, na kwamba ukitafsiri neno lisiloeleweka kwa uaminifu kamili, unapata neno la Kiswahili lisiloeleweka. Hakuna istilahi itakayookoa menyu iliyopangwa kwa kufuata nani aliandika nini. Ndiyo maana ninaamini mtafsiri anastahili kuketi karibu na wapimaji wa urahisi wa matumizi kuliko anavyowekwa kwa kawaida, mwishoni kabisa, akipewa orodha ya maneno yasiyo na muktadha na tarehe ya kukabidhi.

Alama ya unyayo tuipite kwa haraka. Menyu kuu ya GNOME ilikaa nyuma ya picha ya wayo wa mguu, nembo ya mradi, bila neno lolote. Aliyeizoea aliibofya bila kufikiri; aliyeiona kwa mara ya kwanza hakuwa na sababu ya kudhani kwamba programu zake zote zimo ndani ya mguu. GNOME 2.0 iliweka upau wa juu wenye menyu zenye maneno.

Jambo la kukawia kidogo ni viwango vya mtumiaji. Nautilus ilijengwa na Eazel, kampuni changa ya California iliyokuwa na watu waliofanya kazi kwenye Macintosh ya kwanza, Andy Hertzfeld akiwa mmojawapo. Kampuni hiyo ilifungwa Mei 2001, miezi michache tu baada ya Nautilus 1.0 kutoka. Watu hao walijua vizuri kwamba mipangilio mingi inamchanganya mtu, na dawa yao ilikuwa kumwomba mtumiaji ajitangaze: wewe ni anayeanza, wa kati, au mjuzi? Kulingana na jibu, programu ilificha au ilionyesha mambo. Kwenye karatasi ni wazo la hekima. Mbele ya mtu halisi lina kasoro mbili. Kwanza, watu hawajipimi hivyo. Karani aliyeandika barua kwa kompyuta kwa miaka 10 si wa kuanza wala si mjuzi, anajua mambo 20 vizuri sana na mengine 1,000 hajawahi kuyasikia. Pili, siku anapohitaji jambo moja lililofichwa, analazimika kujipandisha cheo na kuletewa mengine yote pamoja nalo. Tena naona humo ile tabia ya kuongeza: kutokukubaliana kuhusu nini kionekane kulimalizwa kwa kuweka chaguo la kuchagua machaguo. GNOME 2 iliviondoa viwango hivyo.

Kwa nini waandishi wenyewe hawakuyaona haya? Hawakuwa watu wasiojua. Sababu ni kwamba kila mmoja wao alikuwa ameshapita pale. Mtu aliyeweka saa yake mwaka 1999 hajaifungua menyu ya saa tangu siku hiyo. Kwake yeye tatizo halipo, limeshatatuliwa. Na malalamiko yaliyowafikia yalitoka kwa watu wa aina yao, wanaojua kuandika ripoti ya hitilafu, kutaja toleo, na kueleza hatua za kuirudia. Mtu aliyeshindwa kuweka saa haandiki ripoti ya hitilafu. Anadhani hitilafu ni yeye. Anatazama saa ya mkononi na kuendelea na kazi.

Baada ya ripoti, kazi ya kuandika miongozo ya kiolesura iliendelea kwa nguvu mpya, na mwaka 2002 GNOME ilipata miongozo yake rasmi, ikiandikwa na Calum Benson, Adam Elman, Seth Nickell na Colin Robertson. GNOME 2.0 ilitoka Juni mwaka huohuo. Ningependa msomaji aone kitu kimoja kutoka miongozo hiyo kwa karibu, kwa sababu ndicho kinachonishawishi kwamba waandishi wake walikuwa wamewatazama watu kwa makini.

Ni lile dirisha dogo linalojitokeza unapofunga hati ambayo hujaihifadhi. Mtindo wa zamani, uliokuwa umeenea kwenye mifumo mingi, uliuliza kama unataka kuhifadhi mabadiliko, na chini yake vitufe vitatu: Ndiyo, Hapana, Ghairi. Mtu mwenye haraka hasomi swali, anasoma vitufe. Na kitufe cha “Hapana” bila swali hakina maana yoyote: hapana usifunge, au hapana usihifadhi? Miongozo ya GNOME iliagiza vitufe viseme tendo lenyewe: Funga bila kuhifadhi, Ghairi, Hifadhi. Sasa hata asiyesoma maelezo hawezi kupotea. Kisha ikaagizwa dirisha liseme ni kiasi gani cha kazi kitapotea, si kwa ukubwa wa faili, bali kwa muda: usipohifadhi, mabadiliko ya dakika tano zilizopita yatapotea kabisa. Dakika tano mtu anajua zina uzito gani. Kama ni tano, anaweza kusema ziende. Kama ni 90, mkono unasimama. Programu ya gedit, ya kuandikia maandishi, iliufuata mtindo huo neno kwa neno, na wengi walioitumia hawakuwahi kugundua kwamba kuna mtu aliyelifikiria jambo hilo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Pamoja na hayo yalikuja mambo ambayo jaribio la watu 12 haliwezi kuyatoa peke yake. Miongozo iliamua kwamba kitufe cha kukubali kikae kona ya chini kulia, kinyume na mpangilio wa Windows uliozoewa na wengi, na uamuzi huo uliwaudhi watu kwa miaka. Iliamua pia kwamba mpangilio ukibadilishwa ufanye kazi papo hapo bila kusubiri kubofya kitufe cha kuthibitisha. Hizo ni kanuni za fundi, zenye hoja nzuri nyuma yake, lakini hoja na ushahidi havilingani uzito. Ndani ya mradi wenyewe sauti iliyosikika zaidi kuhusu kupunguza machaguo ilikuwa ya Havoc Pennington wa kampuni ya Red Hat, aliyeeleza mwaka 2002 kwamba kila chaguo linaloongezwa lina bei yake, kwa mtumiaji na kwa anayelitunza, na kwamba mara nyingi chaguo huwekwa ili kuficha hitilafu ambayo ingepaswa kurekebishwa. Yeye ndiye aliyeandika Metacity, programu ya madirisha iliyochukua nafasi ya Sawfish katika GNOME 2.2 mwaka 2003, akiitangaza kwa fahari kwamba ni programu ya kuchosha. Kwa mtu wa ofisini, kuchosha huko ni sifa.

Hapo ndipo naiona kazi halisi ya ripoti. Hoja ya Pennington ingeweza kutolewa wakati wowote, na kabla ya hapo ingepingwa kwa hoja nyingine ya nguvu ileile, na mwisho wa mabishano wangeongeza chaguo. Baada ya Julai 2001 kulikuwa na kitu cha kuonyesha. Aliyesema “saa hizi zipunguzwe” hakuwa tena anampinga mwenzake kwa ladha yake mwenyewe. Alikuwa anawasemea watu waliokwama. Saa zikapunguzwa ikabaki moja. Inafurahisha kwamba Wanda, samaki wa kwenye upau ambaye kazi yake ni kuelea na kukusomea msemo ukimbofya, alinusurika na kuendelea kuwepo katika GNOME 2 yote. Hakuna aliyeshindwa kufanya kazi yake kwa sababu ya Wanda.

Swali la halali hapa ni kama watu 12 wanatosha kubeba mzigo huo. Kuna hesabu inayotumiwa sana, ya watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer ya mwaka 1993: kwa wastani mtumiaji mmoja hufichua asilimia 31 ya matatizo yaliyopo, kwa hiyo watano hufichua kama asilimia 85, na wanaofuata huonyesha zaidi yale ambayo umeshayaona. Kwa kanuni hiyo watu 12 wangefichua karibu asilimia 99. Ni namba tamu, ila inategemea sharti ambalo watu husahau kulitaja, kwamba kila tatizo lina nafasi hiyohiyo ya kumkuta kila mtu. Tatizo linalompata mtu mmoja tu kati ya 10 lina nafasi ya kama asilimia 72 tu ya kuonekana hata mara moja katika kundi la watu 12. Na tatizo linalowapata watu ambao hukuwaita kabisa, halina nafasi yoyote.

Kwa hiyo jaribio dogo ni zuri sana kwa kukuambia kwamba mlango fulani haufunguki, kwa sababu ukiona watu kadhaa wanausukuma bila mafanikio huhitaji takwimu. Haliwezi kukuambia ni wangapi duniani wanautumia mlango huo, wala kwamba mlango mwingine, ambao hakuna aliyeombwa kuufungua siku hiyo, unaweza kuzibwa. GNOME iliusikia ujumbe wa kwanza vizuri. Wa pili, naona, ulisahaulika taratibu. Neno “mtumiaji wa kawaida” lilianza kama watu 12 wenye miili na vipanya mkononi. Baada ya miaka michache likawa mtu wa kufikirika anayekaa upande wa yeyote anayelitaja.

Machi 2004, katika GNOME 2.6, Nautilus ilibadilishwa ili kila folda ifunguke kwenye dirisha lake, ikumbuke mahali pake na ukubwa wake, kama kitu halisi kilichowekwa mezani. Wazo lilitoka kwenye Macintosh za zamani na lilitetewa kwa jina la mtumiaji asiye mtaalamu. Mwenye folda chache alilipenda. Aliyepanga mafaili yake kwa mwaka, ndani yake mwezi, ndani yake mteja, ndani yake ankara, alifungua faili moja akabakiwa na madirisha manne nyuma yake. Malalamiko hayakuisha, na mwaka 2010, toleo la 2.30 likarudisha mtindo wa dirisha moja kama chaguo-msingi. Miaka sita ni mingi kwa jambo ambalo asubuhi moja ya kumtazama mhasibu ingelionyesha.

Desemba 2005 Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, alijitokeza hadharani akawashauri watu watumie KDE, akidai kwamba watu wa GNOME wanawaona watumiaji kuwa wajinga na wanaondoa kila kitu kwa kisingizio hicho. Alikuwa mkali kuliko ilivyohitajika, na yeye si mtumiaji wa kawaida kwa kipimo chochote. Lakini kiini cha lawama kilikuwa na ukweli: sababu ya kukataa ilikuwa imeachana na ushahidi wake, ikawa inatembea peke yake.

Kazi ya kuwatazama watu haikufa. Katika miaka ya 2010 Jim Hall, mwanzilishi wa mfumo huria wa kompyuta wa FreeDOS, aliipima GNOME kwa ajili ya utafiti wake wa shahada ya uzamili, kisha akawasimamia wanafunzi waliofanya majaribio kama hayo kupitia programu ya mafunzo ya Outreachy. Namna yake ya kuonyesha matokeo ni rahisi na ningeipendekeza kwa yeyote anayetaka kujaribu na watu watano mtaani kwake. Unachora jedwali, kila mstari ni kazi moja, kila safu ni mtu mmoja, na kila kisanduku unakipaka rangi kuanzia kijani kwa aliyefanya bila shida hadi nyekundu kwa aliyesumbuka sana, na nyeusi kwa aliyeshindwa. Ukiona safu nzima imewaka nyekundu, labda mtu huyo alikuwa na siku mbaya. Ukiona mstari mzima umewaka, kosa ni la programu, na hakuna mwandishi anayeweza kuutazama mstari huo akasema watu wale hawakuelekezwa vizuri.

Sun yenyewe ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010. Aprili 2011 ilitoka GNOME 3.0, eneokazi lililobuniwa upya kutoka chini. Saa yake ipo juu katikati ya skrini, imewekwa tayari, haiongezwi wala haiondolewi kwa menyu yoyote, na aliyetaka ionyeshe sekunde alilazimika kutafuta mpangilio uliofichwa au kusakinisha programu ya ziada. Ile kazi waliyopewa wale 12, ya kuweka saa kwenye upau, haiwezi kutolewa tena kwa mtu yeyote.